Kijiji Kilichozaliwa Jumapili Moja

Niseme?

— Sema, Bibi, tumeshakaa.

Nikisema kweli?

— Tutaicheka.

Nikitia chumvi?

— Tutailamba.

Basi hapo zamani, zamani za babu wa babu zao babu, chumvi ilipokuwa ikizolewa pwani bure na kila mtu, kulikuwa na kijiji. Hakikuwa hapa. Kilikuwa ng'ambo, Bara Hindi, pale vilima vinaposhuka mpaka baharini. Nyanya yangu mimi, yule aliyekuja Unguja na mume fundi cherehani, alitoka kijiji hicho, na kisa hiki nilikipata kwake nikiwa nimekaa hivyo hivyo mlivyokaa nyie. Ila mimi nilikuwa sichezei mbaazi za watu. Wewe Salome, rudisha kwenye ungo.

Watu wa kijiji hicho waliitwa Wadongri, maana yake watu wa vilimani. Walilima mpunga kwenye bonde la chini, wakagema tembo, wakatafuta kaa matopeni. Walikuwa na mila zao chungu nzima, lakini moja waliishika kuliko zote: mtoto huitwa jina la siku aliyozaliwa. Basi, hakuna kuumiza kichwa. Mwanamume wa Jumatatu ni Somya. Mwanamke wa Jumanne ni Mangli. Mwanamume wa Jumatano ni Budhya, na msichana wa Ijumaa ni Sukri. Na wawili wakigongana, huongezewa jina la baba, wakatofautiana. Msiwacheke. Humu ukumbini nina Juma wawili na Jumanne mmoja, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Sasa, Sukri alikuwa msichana wa kijiji hicho, na alikuwa na ulimi. Nyanya alikuwa akisema ulimi ule ungeweza kumenya nazi. Alikuwa amechumbiwa na Budhya, mgema tembo, kijana mpole mno, akiwa juu ya mti huimba na akiwa chini husema "ndiyo". Walipendana tangu utotoni. Mchele wa harusi ulikuwa umeshatwangwa, ungo kwa ungo, na siku imewekwa: Ijumaa, siku ya bibi harusi.

Wiki hiyo hiyo ndipo walipobatizwa.

Alikuwapo padri mmoja, Padri Anselmo, Mreno mrefu mwenye ndevu nyekundu. Alikuwa ameishi nao miezi mitatu, akila wali wao na kaa wao, akiwafunga vidonda, akiwafundisha nyimbo. Lugha yao aliijua, lakini aliizungumza kama mtu anayetembea pekupeku juu ya changarawe. Watu walimpenda. Wakakaa kikao, wakajadiliana, wakakubali kuingia katika dini yake. Mangli, mkunga wa kijiji, kikongwe asiye na jino hata moja, alisimama akauliza kama Mama wa Mpunga, waliyemtambikia tangu mababu, hatakasirika. Padri akamjibu kwamba anayemshukuru aliyeumba mpunga hawezi kuudhi mpunga. Mangli akaona hilo lina akili, akakaa.

Jumapili asubuhi wakashuka horini, pale bahari inapoingia bara, watu sitini, wadogo kwa wakubwa. Mbele alikuwa Mzee Somya, mkuu wa kijiji, babu yake Sukri. Padri akawatia maji mmoja mmoja, akampa kila mtu jina la mtakatifu, akaliandika daftarini. Alipomaliza akapanda juu ya jiwe, mwili wote umelowa, uso umejaa furaha, akawaambia maneno aliyoyaandaa wiki nzima.

"Leo mmezaliwa upya," akasema. "Ya jana yamepita. Na mimi niiteni Baba."

Wajukuu zangu, yeye alisema la rohoni. Wao walisikia la siku.

Kesho yake alfajiri Padri akaenda zake vijiji vya mbali, akiahidi kurudi baada ya mavuno. Huku nyuma watu wakakaa wakafikiri. Tumezaliwa lini? Jana. Jana ilikuwa siku gani? Jumapili. Na mila inasemaje? Aliyezaliwa Jumapili, mke au mume, huitwa Aita. Yale majina ya watakatifu yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa marefu, na yalikuwa yameondoka na daftari.

Basi Somya aliingia majini Somya, akatoka Aita. Budhya aliingia Budhya, akatoka Aita. Mangli, Aita. Sukri, Aita. Mtoto mchanga, Aita. Kijiji kizima Aita, Aita, Aita. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa Aita tangu mwanzo, mchunga nyati, naye alishinda analalamika kwamba wenzake wote wamepewa jina jipya kasoro yeye. Wakataka kuongeza majina ya baba ili watofautiane. Baba ni nani? Padri. Wakawa Aita wa Padri, wote sitini.

Mnacheka? Bado. Ngojeni.

Jumanne ikaonekana tundu kwenye tuta, lile tuta la udongo linalozuia maji ya bahari yasiingie kwenye mpunga. Mzee Somya akasimama pale akaita kwa sauti, "Aita, lete udongo." Wakaja watu hamsini na tisa, kila mmoja na kikapu chake. Akasema, "Nimemwita Aita mmoja." Wakauliza ni yupi. Akasema, "Aita wa Padri." Wakamwaga vikapu vyote. Tundu lilikuwa la ngumi, wao wakajenga kilima, na nyanya aliniapia kwamba mbuzi wa kijiji walikuwa wanapanda juu yake kuangalia bahari.

Halafu ukaja mzozo wa umri. Maana kama wote wamezaliwa Jumapili, basi wote wana siku mbili, na mtu wa siku mbili hawezi kumtuma mtu wa siku mbili. Mama akimwambia mwanawe akateke maji, mwana anamjibu kwa adabu kwamba wao ni marika. Wanaume watu wazima wakacheza gololi kweupe, hawana hili wala lile. Na yule Mangli mkunga ndiye aliyevunja watu mbavu. Alijilaza kwenye kitanda cha kamba cha mjukuu wake, akataka abembelezwe, akataka uji. Wakimwambia aamke, anafungua kinywa na kuwaonyesha ufizi.

"Sijaota hata meno," anasema. "Mnataka nifanye kazi gani?"

Na Mzee Somya je? Alitaka kulia, maana ukuu wake umekwenda na maji. Akakaa siku nzima akiwaza, mwishowe akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuingia horini. Basi yeye ni kifungua mimba, kaka mkubwa wa wote. Uso ukamrudi. Na kwa kuwa amekuwa kaka mkubwa, akaanza kuwaza mambo ya familia. Hapo ndipo cheko likageuka.

Alhamisi jioni Sukri alikuwa anapaka miguu hina ya harusi. Somya akaingia, akasimama mlangoni, akamwambia harusi haipo. Watoto wa baba mmoja hawaoani, na yeye na Budhya ni watoto wa baba mmoja, tena wamezaliwa siku moja, tena kwa maji mamoja. Hiyo ni sheria ya mababu, hakuitunga yeye.

"Babu," Sukri akamwambia, "unasema nini?"

"Mimi si babu yako. Mimi ni kaka yako."

Sukri alidhani utani. Akatazama uso wa babu yake, akaona si utani. Hina ikamwagika. Ule ulimi wake wote haukupata neno. Mzee naye hakuwa mtu mbaya, jamani. Aliogopa. Alikuwa amepoteza jina lake, umri wake na kiti chake katika wiki moja, na sheria ndiyo iliyobaki mkononi. Akaishikilia.

Budhya aliposikia alipanda mnazi, akakaa juu huko mpaka kiza kikaingia, na hakuimba.

Sukri akaenda kwa Mangli. Harusi ya Wadongri hufungwa na mkunga: ndiye anayewaita wawili kwa siku zao, kwa sababu ndiye aliyekuwapo walipotoka tumboni. Akamkuta kikongwe amelazwa, anabembelezwa na kitukuu. Akampigia magoti, akamwomba aamke awaite. Mangli akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ndogo maneno ambayo nyanya yangu kila alipoyafikia alinishika mkono mimi pia. Alimwambia kwamba mikono hii imepokea watoto mia mbili, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumbeba yeye. Aachwe kidogo. Aachwe awe mtoto mpaka mvua ziishe.

Sukri hakuweza kumkasirikia. Akatoka nje, akapiga moyo konde, akasema kama ni hivyo atakwenda kwa huyo baba aliyewazaa, amwulize.

Ilikuwa safari ya siku mbili kwa miguu kufuata pwani. Peke yake hawezi kwenda, wazee hawakubali. Na mchumba wake? Kwa mila, wachumba hawaruhusiwi kutembea pamoja hata mpaka kisimani. Lakini sasa, wajukuu zangu, sasa hawakuwa wachumba. Walikuwa kaka na dada. Mzee Somya mwenyewe, kwa kufuata sheria barabara, akamwagiza Budhya amsindikize dada yake.

Mnaona? Miaka miwili ya uchumba hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu, na siku hizo mbili walizungumza mpaka sauti zikakauka. Yule kijana wa "ndiyo", kumbe alikuwa na maneno, ila alikuwa anayaweka. Alimsimulia Sukri alivyoona bahari kutoka juu ya kila mti. Walicheka njia nzima. Halafu wanakumbuka wanakokwenda na kwa nini, wananyamaza, wanatembea, kisha mmoja anaanza tena. Walipofika walikuwa wanapendana maradufu, na ni ndugu. Taabu gani hiyo.

Walimkuta Padri Anselmo anaezeka paa la kanisa la makuti. Akashuka, akawakumbatia, akawaita Katarina na Bernardo. Wakageuka kutazama nyuma waone anamwita nani.

Sukri akamweleza yote: jina, tuta, gololi, Mangli na uji, na harusi. Padri mwanzoni alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona machozi ya Budhya, akaacha kucheka. Akasema yeye alimaanisha roho. Sukri akamwambia kwamba kwao mtu hazaliwi nusu. Akamwomba awatoe katika ubatizo, wao wawili tu, wengine abaki nao. Padri akamwambia jambo hilo halitenguliki, na tena hakuwa anadanganya, na sauti yake ilikuwa na huzuni. Kilichofanyika kimefanyika.

Basi wakakaa chini wote watatu, na makuti yanadondoka. Padri, kwa kutaka tu kuwafariji, akasema hata yeye alipewa jina jipya. Alipovaa kanzu ya upadri ndipo alipoitwa Anselmo. Kabla ya hapo alikuwa na jingine.

"Lipi?" Sukri akauliza.

Akasita. Mtu mzima, ndevu zote zile, akaona haya. "Zeka," akasema. "Mama yangu aliniita Zeka."

"Alikuita mpaka lini?"

"Mpaka siku napanda jahazi kuja huku. Miaka kumi na minane sasa."

"Na wakati huo ulikuwa umeshakuwa Anselmo?"

"Nilikuwa."

"Akikuita Zeka, uliitika?"

Padri akamtazama. "Niliitika," akasema.

Sukri akanyanyuka, akapangusa mavumbi, akamwambia Budhya na Padri wote wawili wafunge mizigo, wanarudi.

Walifika kijijini siku ya Jumatano, watu wako uwanjani wanagombana ni nani atapura mpunga. Mzee Somya alipoona Padri akaja mbio kumpokea, akasema Baba amekuja, Baba atathibitisha. Sukri akaomba neno. Somya akamwambia hakuna cha neno, mtu ana siku moja ya kuzaliwa, na siku yao ni Jumapili, na watoto wa baba mmoja hawaoani, na kikao kimefungwa. Akampa mgongo, akaanza kuondoka.

Sukri hakubishana naye. Akasimama katikati ya uwanja, akavuta pumzi, akaita.

"Somya."

Mzee akageuka. Kabla hajafikiri, wajukuu zangu, kabla hajajua anafanya nini, shingo iligeuka yenyewe.

Sukri akaendelea kuita. Aliwaita wa Jumatatu, wakageuka. Aliwaita wa Alhamisi, waliokuwa wanacheza gololi wakainua vichwa. Aliwaita mama zao, aliwaita shangazi zao. Kila jina lilipotoka, mtu mmoja mahali fulani aliitika, na akiitika alishika kinywa, na wengine walianza kulia huku wanacheka, maana ilikuwa siku nyingi hawajaitwa. Na alipoita "Mangli", kutoka ndani ya nyumba ya mjukuu wake, kwenye kitanda cha kamba, ikatoka sauti nyembamba.

"Abee."

Watu wakageukia mlango ule.

"Nimewaita wa kale," Sukri akasema, "na mmeitika nyinyi wa leo. Kama Somya alikufa Jumapili, nani aliyegeuka? Mimi sikatai kuzaliwa Jumapili. Nimezaliwa, nimefurahi, na huyu ni Baba. Lakini kabla ya hapo nilizaliwa Ijumaa, mvua inanyesha, na bibi yule mle ndani alinipokea. Nimezaliwa mara mbili. Nina siku mbili. Babu, usinipunguzie."

Alisema "babu". Na safari hii mzee hakukanusha. Akamtazama Padri, kama mtu anayeomba ruhusa, na Padri akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo. Somya akaja taratibu, akamwekea mjukuu wake mkono kichwani, akabaki hivyo muda mrefu. Kisha akakohoa, akashika kiuno, na kwa sauti yake ya zamani akawauliza vijana wanangoja nini, mpunga utajipura wenyewe? Wakatimua mbio kwa furaha. Hakuna watu waliowahi kufurahia kutumwa kama wale.

Mangli akatoka kitandani. Lakini hakutembea, eh. Sukri aliingia akambeba mgongoni kwa kanga, kama anavyobebwa mtoto, akamzungusha kijiji kizima nyumba kwa nyumba, na kikongwe alicheka kwa ufizi wake ule mpaka akapata kwikwi. Hivyo ndivyo alivyopelekwa kufunga ndoa.

Ijumaa ilipofika, Mangli akiwa juu ya mgongo wa bibi harusi mwenyewe, akawaita: wa Ijumaa, nakuita. Wa Jumatano, nakuita. Wakaitika. Padri naye akafungua daftari lake akawaita Katarina na Bernardo, na baada ya kukonyezwa wakakumbuka kuitika. Tembo likanywewa, ngoma ikalia, na Padri, ninyi, Padri alicheza mpaka kanzu ikachanika.

Ila Somya, kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, hakukubali Jumapili ipotee bure. Akaweka sharti, na likashikwa vizazi na vizazi. Siku sita kila mtu na umri wake na heshima yake. Jumapili wote ni wa siku moja. Jumapili hakuna kutumana, mkubwa anamtekea maji mdogo, na mwenye kinyongo na mwenzake anamwita ndugu atake asitake. Na Budhya, kila Jumapili, Sukri alimfungashia kapu la wali akamwambia nenda kalale kwa mama yako, kaka yangu. Naye akajibu "ndiyo". Akaenda. Jumatatu alfajiri alikuwa mlangoni kabla jogoo hajafungua jicho.

Basi wajukuu zangu, mlioko hapa mna majina mawili mawili, najua. Wewe madrasa wanakuita Abdulmajid na nyumbani ni Kibwana. Wewe kanisani Salome na bibi yako wa Pemba anakuita Mashavu. Mtapewa na mengine huko mbele, ya shule, ya kazi, ya ndoa. Yapokeeni kwa mikono miwili, yana baraka zake. Lakini yule mtoto wa kwanza msimfungie nje. Siku mtu anayekupenda akikuita kwa jina la mtoto huyo, hata uwe nani, hata uwe na ndevu nyekundu mpaka kitovuni, geuka uitike.

Kisa changu kimekula kimeshiba, nakivua viatu, nakiweka kitandani.

— Kilale, Bibi.

Nani atakiamsha?

— Sisi.

Haya. Sasa nipeni ungo wangu, nione mmenibakishia mbaazi ngapi.